Barua kwa somo yangu: mama anayesoma mawe ya Pictou

New Glasgow, Nova Scotia, Kanada
Mwishoni mwa Oktoba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto na kwa Bi Mkubwa hapo nyumbani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baridi imeshaanza kuuma na miti yote imebaki uchi. Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, nikaona jibu lake si la kunong'ona kwenye simu huku wazee wamelala. Umeniuliza kwa uchungu: kimenipata nini hata Jumamosi zangu niziishie kusugua makaburi ya Waskoti, walowezi waliokuja kukalia ardhi ya wenzao na kuwatumikisha watu weusi, ilhali makaburi ya kwetu yanaliwa na magugu? Swali lako ni la haki. Nimekaa nikujibu kwa barua, tena ndefu, kwa sababu kuna mama mmoja nataka umjue.

Mama huyu ni mwalimu mstaafu, umri umeshapita sabini. Ukimwona makaburini na ndoo yake utadhani anasafisha kaburi la babu yake. Sivyo. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kiholanzi waliohamia hapa baada ya Vita Kuu ya Pili, na hana hata tone moja la damu ya Kiskoti. Aliniambia alipoanza kufundisha alikuta nusu ya darasa ni akina MacKay, Fraser, MacDonald na MacLeod. Siku moja akawapeleka watoto kwenye makaburi ya jirani na shule, wakayakuta majina yao yamechongwa kwenye mawe, na hakuna hata mmoja aliyejua yule aliyelala pale ni nani wake. Jioni ile akaanza kuandika. Mpaka leo hajaacha, na hajawahi kulipwa hata senti.

Tulijuana kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa anakuja na daftari kuwauliza wazee majina ya ukoo, nani alikuwa baba wa nani, shamba lao lilikuwa upande gani wa mto. Kulikuwa na mzee mmoja mwenyeji wa Cape Breton, kisiwa cha jimbo hilihili, hakuwa akizungumza na mtu. Kiingereza kilikuwa kimeanza kumtoka, lakini Kigaeli, lugha ya mama yake, kilikuwa bado kipo. Yule mama akakaa kando yake, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mzee akafungua kinywa, akataja jina la baba, la babu, la baba wa babu, akaenda hivyo bila kukwama, kama mtu wa kwetu anavyotaja fulani bin fulani bin fulani. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikasimama palepale mpaka ikapoa. Mzee huyo alipokuwa mdogo, mtoto akisema Kigaeli shuleni alichapwa. Wengi wa kizazi chake hawakuwafundisha watoto wao, wakiogopa nao wachapwe. Basi baada ya zamu nikamwendea yule mama, nikamuuliza kama anahitaji mtu wa kumsaidia.

Sasa kuhusu hao Waskoti wenyewe. Najua ukisikia neno mlowezi unawaona wale wa nyanda za juu za Kenya, wenye maelfu ya ekari na watumishi. Waliokuja Pictou, mji wa bandari hapa jirani, hawakuwa hao. Walitoka milima ya kaskazini ya Scotland, ambako baada ya uasi wao kushindwa kwenye vita vya Culloden mwaka 1746 serikali ya London iliwavunja nguvu, mpaka ikawapiga marufuku wanaume kuvaa mavazi yao ya kitamaduni, na marufuku ile haikuondolewa hadi 1782. Wakuu wa koo waliokuwa kama baba kwa watu wao wakageuka wenye ardhi wa kudai kodi. Kodi ikapanda, mavuno yakawa mabaya, na mawakala wakapita vijijini wakiahidi shamba na chakula cha mwaka mzima kwa atakayekubali kuvuka bahari.

Merikebu iliyowaleta iliitwa Hector. Ilikuwa imechakaa, nayo iliondoka Loch Broom huko Scotland Julai 1773 ikiwa na watu karibu 190. Karibu na Newfoundland wakakutana na dhoruba iliyowarudisha nyuma kwa takriban wiki mbili, maji na chakula vikapungua, ndui na kuhara damu vikaingia kati yao. Watu 18 walikufa njiani, wengi wao watoto, wakazikwa baharini. Inasimuliwa kwamba mpiga zumari, ile zumari yao ya mfuko wa ngozi, alipanda bila nauli na nahodha akataka kumshusha, lakini abiria wakamwombea abaki, wakaahidi kugawana naye posho yao. Tarehe 15 Septemba wakatia nanga Pictou.

Na walipofika, somo, shamba halikuwapo. Ulikuwapo msitu mnene mpaka ukingoni mwa maji, na ardhi waliyogawiwa ilikuwa ndani huko, mbali na pwani, nao ni watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika shoka la kukatia miti mikubwa namna ile. Msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita. Walipokataa kwenda ndani, mawakala wakawanyima chakula. Wazee wa hapa husimulia kwamba wanaume walikwenda kwenye ghala, wakawafunga mawakala, wakapima walichochukua na kuandika hesabu yake ili walipe baadaye, ndipo wakachukua. Wengine waliondoka kwenda mji wa Truro kutafuta kibarua, na waliobaki walitembea theluji hiyo zaidi ya kilomita 60 kwenda kuleta viazi na unga kwa kuburura. Mwaka wangu wa kwanza huku, nikiwa na koti nene na nyumba yenye joto, baridi iliniliza. Nikimfikiria mwanamke aliyetua mwezi wa tisa na mtoto mgongoni, bila paa, siwezi kumwita adui kabla sijamwita mwanamke mwenzangu.

Ndio hao mama yetu anawatafuta. Wa kwanza kabisa wengi hawana hata jiwe la maana. Waliwekewa ubao ulioshaoza, au jiwe la shambani lisilo na maandishi. Waliofuata ndio walioweza kumlipa mchongaji, na kwenye mawe yao utaona jambo moja linalojirudia: wameandika walikotoka. Fulani, mzaliwa wa Sutherland. Fulani, mzaliwa wa Inverness. Mtu ameishi hapa miaka hamsini, amezaa, amezikwa, na bado jiwe lake linataja kijiji alichokiacha kijana. Nadhani mimi na wewe hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Tatizo ni kwamba mawe yanakufa. Mengi ni jiwe mchanga, mengine ni marumaru nyeupe. Maji huingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka, na baada ya majira ya baridi mengi uso wa jiwe hubanduka vipande vipande pamoja na jina. Baridi pia huinua udongo, jiwe lililosimama wima linaanza kuinama, mwisho linaanguka kifudifudi. Halafu kuna yale magamba ya kijani na ya kijivu yanayoota juu yake.

Unaposema nasugua makaburi, hapo umekosea, na mama angekurekebisha kwa upole kama alivyonirekebisha mimi. Hatusugui. Kwanza anaomba ruhusa kwa wenye makaburi, kanisa au kamati. Kisha anagonga jiwe taratibu kwa kidole akisikiliza kama limeoza ndani, na likitoa sauti ya utupu haliguswi. Likiwa zima linaloweshwa kwa maji matupu, linaachwa linywe, ndipo tunapitisha brashi laini, tukianzia chini kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Brashi ya waya ni haramu. Dawa ya kung'arisha nguo ni haramu. Ile mashine ya kurusha maji kwa nguvu, ambayo watu wema huja nayo wakitaka kusaidia, ndiyo inayomfanya apandishe sauti, nami sijamsikia akiipandisha kwa jambo jingine. Hata chaki ya kuonyesha herufi haitaki, kwa sababu kuisugua humo kunakula kilichobaki.

Anasoma kwa kioo. Kioo cha kawaida kirefu, kile cha kubandika mlangoni. Mimi nasimama pembeni nalidaka jua kwa kioo hicho, nautupa mwanga wake juu ya jiwe kutoka ubavuni, ukipita kwa kulilalia. Pale palipoonekana tupu kabisa, herufi zinaanza kutoa vivuli, moja baada ya nyingine, na jina linatokea. Yeye amepiga magoti, miwani puani, anataja herufi kwa sauti, mimi nairudia, naye ndipo anaandika.

Mwezi wa saba tulikuwa kwenye jiwe dogo la marumaru, mwanakondoo amechongwa juu yake, kama walivyozoea kuwawekea watoto. Jina tulilipata, la baba na la mama tulilipata. Umri ukatukatalia. Ilikuwa miaka 3 au 8, sehemu ya kushoto ya tarakimu imekwisha kabisa. Tulijaribu asubuhi, tukarudi alasiri jua likitokea upande wa pili, tukajaribu kwa tochi chini ya kitambaa cheusi. Mimi niliona 3. Niliiona wazi, nikamwambia aandike 3 twende zetu, mbu wametumaliza. Akaniuliza kama naweza kuapa. Sikuweza. Basi kwenye kadi ameandika 3, mkwaju, 8, na alama ya kuuliza, na ndivyo itakavyokaa mpaka likipatikana daftari la ubatizo litakaloamua.

Hizo kadi zake ungeziona! Zimo kwenye maboksi ya viatu, zimepangwa chumba kizima kilichokuwa cha mwanawe. Kila kadi ina jina, mahali jiwe lilipo, maneno yote kama yalivyo pamoja na makosa ya mchongaji, aina ya jiwe, hali yake, na alichosikia kwa wazee, hicho kwa kalamu ya rangi nyingine ili asije mtu akachanganya maneno ya jiwe na maneno ya watu. Ugumu mkubwa ni majina kufanana. Watu hawa waliwapa watoto majina ya babu na bibi, kwa hiyo kijiji kimoja kina akina Alexander Fraser na John MacKay wengi wa wakati mmoja. Bila jina la baba na la shamba huwezi kumjua nani ni nani. Wakati wa baridi makaburi yakifunikwa na theluji, naketi naye mezani, ananipa chai na biskuti za oti, yeye anasoma kadi mimi naingiza kwenye kompyuta. Watu wanamwandikia kutoka Scotland, Marekani, hata New Zealand, kwa sababu kuna Waskoti waliotua Nova Scotia, wakakaa Cape Breton na mchungaji wao Norman McLeod, kisha miaka ya 1850 wakajenga merikebu zao wenyewe wakahamia Waipu kule New Zealand. Kila anayeuliza anajibiwa, tena kwa kirefu, na bahasha anainunua yeye.

Nije sasa kwenye lile lililokuuma zaidi, ardhi na watu weusi. Na mimi liliniuma, nikamuuliza waziwazi siku za mwanzo, maana nilitaka nijue namsaidia mtu wa namna gani.

Hakukasirika. Alinyanyuka akaleta boksi ambalo halina picha ya jiwe hata moja. La kwanza alilonionyesha ni kuhusu Wami'kmaq, wenye nchi hii, waliokuwa hapa Pictou maelfu ya miaka na ambao jamii yao bado ipo, ng'ambo tu ya bandari. Wakati Hector inafika kulikuwa na mikataba ya amani kati yao na Waingereza, ya 1760 na 1761, na ndani yake hawakutoa ardhi. Waskoti walipokuwa wanakufa njaa, Wami'kmaq ndio waliowafundisha kuwinda na kutembea kwa viatu vya theluji. Mama akasema, watu wanapenda sana kusimulia habari ya mpiga zumari, na hii wanaipitia mbio. Kwenye kila orodha anayoipeleka maktaba anaweka ukurasa wa kwanza unaosema ardhi hii ni ya nani.

La pili ni kadi ya mwanamke anayeitwa Die Mingo. Somo, hapa niliweka kalamu chini. Mwanamke mweusi, mtumwa, katika Pictou hiihii ya hao Waskoti maskini. Mwaka 1786 alifika mchungaji kijana kutoka Scotland, James MacGregor, wa kwanza kuwahubiria Wapresbiteri wa hapa kwa Kigaeli. Akatoa sehemu kubwa ya fedha alizolipwa mwaka wake wa kwanza, ambazo hazikuwa nyingi, ili Die Mingo awe huru. Kisha mwaka 1788 akachapisha barua kali dhidi ya mchungaji mwenzake wa Truro aliyekuwa na mtumwa. Mchungaji MacGregor ana kumbukumbu zake, ameandikwa, anajulikana. Die Mingo hana jiwe ambalo mama amewahi kulipata. Ana kadi tu, na juu yake yameandikwa yale machache yanayojulikana kwa hakika. Mama hakuongeza hata neno moja la kupamba, ingawa kwa miaka amemtafuta kwenye kila daftari la kanisa analoruhusiwa kulifungua. Sasa na mimi namtafuta. Mji ninaoishi ndio uleule ambako mwaka 1946 Viola Desmond alikamatwa kwa kukataa kutoka kwenye kiti cha wazungu sinema, na leo sura yake iko kwenye noti ya dola kumi. Nataka Die Mingo naye angalau ajulikane alizikwa wapi.

Ndiyo maana naenda, somo. Waskoti wana watu wengi wa kuwapigia zumari. Bandarini Pictou wameunda upya merikebu ya Hector kwa ukubwa wake, wakaishusha majini Septemba 2000, na kila majira ya joto watalii wanapiga nayo picha. Hilo ni zuri, silikatai, nimeingia humo tumboni mwake nikashangaa watu wote wale walilala wapi. Lakini mama huyu anafanya kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi, ya kuhakikisha kwamba mtu aliyeishi anatajwa kwa jina lake, awe mwenye shamba, awe mtoto wa miaka 3 au 8, awe mtumwa wa jirani. Angekuwa anaficha boksi lile nisingerudi tena kwake. Kwa kuwa alilitoa mwenyewe, niko naye mpaka atakapochoka, na sioni dalili ya kuchoka ijapokuwa magoti yanamsumbua na macho yameanza kufifia.

Na la makaburi ya kwetu kuliwa na magugu, limenichoma kwa sababu ni kweli. Nimemwonyesha picha za magofu ya Tongoni hapo Tanga, zile tulizopiga mimi na wewe mwaka ule kabla sijaondoka. Alizikuza kwenye skrini, akakaa nazo muda mrefu. Zaidi ya makaburi arobaini ya mawe ya matumbawe mahali pamoja, ya karne nyingi kabla ya Hector, na nguzo zake! Hakuuliza ni ya nani kwanza. Aliuliza nani anayatunza, na yamejengewa nini.

Nikamwambia chokaa. Hapo ndipo alipochangamka kabisa, maana chokaa ndiyo shida yake kubwa. Jiwe likivunjika huku, watu hukimbilia saruji, na saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inafungia maji ndani, baridi ikija jiwe linapasuka kando ya kiraka. Yeye anatumia chokaa, lakini anainunua ya mfuko na haridhiki nayo. Nilimweleza ninavyokumbuka kwa babu: matumbawe yanavyopangwa juu ya rundo la magogo, yanavyochomwa, kisha yanavyozimwa kwa maji na kuachwa shimoni yaive. Akataka kujua yanaachwa muda gani, na mafundi wanajuaje kwamba sasa yameiva. Hapo nikaishiwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Yule fundi mzee wa chokaa aliyekuwa akifanya kazi msikitini kwenu, kama bado yupo, nenda ukae naye. Muulize anaiacha shimoni muda gani, mchanga anauchanganya kwa kipimo gani, na anaijaribu vipi kwa mkono. Mpige picha mikono akiwa kazini, akikubali. Na jina lake liandike kamili, na la baba yake, na aliyemfundisha. Mama ameshaniambia hatalitumia neno lolote la fundi bila jina lake kando.

Ukienda Tongoni tena, piga picha kila kaburi kutoka mbele na ubavuni, asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, usipige mchana. Beba na kioo. Majibu yakinifikia kabla ya mwezi wa tano yatatukuta wakati mzuri, kwani hapo ndipo udongo unapolegea na tunaanza tena, na kuna jiwe moja lililokatika katikati upande wa River John ambalo amekataa kuliunga mpaka asikie kutoka Tanga.

Nisalimie wote.

Ni mimi somo yako